Kozi Isiyo na Mwalimu

Katika Idara ya Sayansi ya Kompyuta hakuna mtu aliyemchukia Mama Ratiba mwaka mzima. Walimchukia wiki mbili tu, kila ratiba ya masomo ilipobandikwa, kisha wakasahau na maisha yakaendelea. Jina hilo alipewa na wanafunzi. Yeye alikuwa mhadhiri kama wahadhiri wengine, alifundisha programu kwa mwaka wa kwanza. Ila siku kikao kilipotafuta mtu wa kupanga ratiba, wenzake wote waliinama wakatazama viatu vyao, na yeye akachelewa kuinama.

Tangu hapo lawama zikawa zake. Nani kapewa saa moja asubuhi, nani kapewa chumba ambacho feni yake hulia kuliko mwalimu, nani atafundisha Ijumaa jioni wakati roho za wanafunzi zimeshatangulia nyumbani. Kila mtu alitaka haki itendeke, na haki ya kila mtu ilikuwa Jumanne saa nne.

Lakini alikuwa na hila yake moja. Idara ilikuwa na maabara moja tu ambayo kompyuta zake zote ziliwaka, na Ofisi ya Vyumba ya chuo ilikuwa na tabia ya kugawa saa yoyote iliyoiona tupu. Mwaka mmoja maabara ilipewa semina ya mawakala wa bima, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakabaki nje ukutani na miradi yao nusu nusu. Mwaka uliofuata Mama Ratiba akaandika kwenye ratiba, Jumatano mchana, kozi iitwayo Mada Maalumu. Kozi hiyo ilikuwamo kwenye kitabu cha kanuni lakini haikuwa imefundishwa tangu mwalimu wake alipostaafu. Mahali pa jina la mhadhiri akaandika “Atatangazwa”. Hakutangazwa mtu. Ofisi ya Vyumba ikaona chumba kina kazi, ikapita, na vijana wakafanya miradi yao kwa raha. Wahadhiri wote walijua. Waliiita kozi hewa, kama wanavyosema wafanyakazi hewa, wale wenye mshahara lakini hawana miguu.

Mwaka huu chuo kilileta mfumo mpya wa kujisajili kwa simu. Zamani mwanafunzi alipeleka karatasi kwa mwalimu wa kozi, akasainiwa, na kozi isiyo na mwalimu haikuwa na wa kusaini. Mfumo mpya haukuuliza habari za mwalimu. Ulitazama kama kozi ina chumba na saa, basi ukawafungulia watu mlango. Orodha ya waliojisajili ukamtumia mwalimu husika, na kwa kuwa mwalimu husika hakuwapo, orodha haikumfikia mtu. Mama Ratiba, ambaye kila mwaka aliwapigia kelele watoto wa mwaka wa kwanza wajiulize programu zao zitafanya nini mtu akiingiza asichotarajiwa kuingiza, hakujiuliza.

Jumatano ya wiki ya nne, siku ya kwanza ya miradi, vijana wawili wenye miradi walimgongea mlango wa ofisi.

“Madam, maabara imejaa watu.”

“Watu gani?”

“Wengi hatuwajui. Wamekaa tu. Wamefungua madaftari.”

Mama Ratiba akawafikiria mawakala wa bima. Alishuka ngazi na maneno yake yote makali akiwa ameshayapanga, akasukuma mlango, na maneno yakakosa wa kumwendea. Walikuwa wanafunzi. Walijaza safu tatu, kimya, kwa ile adabu ya watu wanaosubiri kuitwa na daktari.

“Mnasubiri nini hapa?”

“Mwalimu,” alijibu kijana mmoja.

“Wa kozi gani?”

“Mada Maalumu, madam. Hajaja tangu muhula uanze. Lakini tumeambiwa wengine huanza taratibu.”

Wenzake wakacheka kidogo. Mama Ratiba hakucheka. Safu ya mbele kabisa, kwenye kiti cha kwanza, alikuwa amekaa wifi yake.

Wifi huyo alikuwa mdogo wa mwisho wa mumewe, na kwao walimwita Kitinda kwa sababu mama yao alisema huyu ndiye kitinda mimba, na kweli akawa. Alikuwa akiishi nao tangu aanze chuo. Asubuhi hiyohiyo walikuwa wamekunywa chai ya birika moja. Sasa Kitinda aliinuka nusu, kama wanavyoinuka wageni, akasema, “Shikamoo, madam.” Chuoni alimwita madam kama walivyomwita wengine wote. Ndivyo walivyokubaliana.

“Marahaba,” alisema Mama Ratiba. Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wanamtazama, akaongeza, “Subirini. Ngoja nikaulizie.”

Akatoka. Alipofika nusu ya ngazi alikumbuka kwamba wa kuulizwa ni yeye.

Mkuu wa Idara alikuwa amebakiza muhula mmoja wa ukuu wake, na ombi lake kwa Mungu lilikuwa muhula huo upite bila barua kutoka juu. Alimsikiliza Mama Ratiba huku akifuta miwani iliyokuwa safi.

“Ifute,” alisema.

“Wamejisajili, Mkuu.”

“Kozi ambayo haikuwapo, kuifuta si kosa. Ni usafi.”

“Muda wa kubadili kozi uliisha wiki iliyopita. Hao wa mwaka wa tatu sawa, watachukua nyingine mwakani. Wa mwaka wa mwisho hawana mwakani. Watapungukiwa kozi moja, hawatahitimu.”

“Wako wengi?”

“Saba.”

Mkuu aliipima hiyo saba, akaiona nyepesi. “Watasubiri. Watu husubiri. Mimi cheti changu cha kwanza nilikisubiri mpaka nikaoa.”

“Lakini kosa ni letu.”

“Kosa ni la mfumo,” alisema Mkuu kwa upole. “Mfumo hauna baba wala mama. Ukiutwika lawama, haumwendei mtu kulalamika. Andika barua, tuseme kozi imeondolewa kwa sababu za kiufundi. Niletee kesho nisaini.”

Mama Ratiba hakumwambia kwamba mmoja wa wale saba analala chumba kinachopakana na chake. Alitoka na aibu mbili. Moja ya kuwatetea saba akijua mmoja wao ni wa kwake, nyingine ya kumkana huyo mmoja mbele ya mkubwa wake kwa kunyamaza tu. Hakujua ipi inauma zaidi.

Mumewe alikuwa fundi wa mafriji. Ukumbi wa mbele wa nyumba yao ulikuwa wodi, mafriji ya watu yamepangwa milango wazi, mengine yamelazwa, na mgeni alipaswa kupita ubavu ubavu kama mwizi. Jioni hiyo Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji la muuza vinywaji, na Kitinda amemshikia tochi.

Katika nyumba hiyo kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa: ratiba haivuki mlango. Kitinda alipokuwa mwaka wa kwanza, kuna mtu alisema koridoni kwamba wifi wa mratibu hawezi kupangiwa vipindi vya saa moja asubuhi. Haikuwa kweli, lakini Mama Ratiba alirudi nyumbani macho mekundu. Siku hiyo akaweka sheria. Hawatazungumzia kozi, saa wala mwalimu. Mwenye shida atapanga foleni ofisini kama watu wengine.

Leo aliweka mkoba chini, akasema bila hata kukaa, “Kitinda, ile kozi haina mwalimu.”

“Tumeona, wifi.”

“Hapana. Haina mwalimu kwa sababu haipo. Niliiandika mimi, kuwalindia wengine chumba.”

Tochi ilishuka, ikamulika sakafu. Fundi akasema kutoka nyuma ya friji, “Nimulikie,” na asipomulikiwa, akatoka.

“Sijaelewa,” alisema. “Umeandika kozi ya uongo?”

“Kila mwaka.”

“Na yeye akaingia humo?”

“Akaingia humo.”

Kitinda alizima tochi, akaiweka juu ya friji. Alipoongea sauti yake ilikuwa ndogo, na ilikuwa ikimwambia kaka yake.

“Mamlaka ya Maji wamesema watanisubiri mpaka mahafali ya mwaka huu. Yule mama wa kitengo cha mita alisema mwaka huu tu, mwakani nafasi wanaipeleka kwingine.”

Hilo wote watatu walilijua. Kitinda alifanya mafunzo ya vitendo kule, akawasaidia kurekebisha programu ya kusomea mita, na wakampenda. Ilikuwa kazi ya kwanza ya kweli katika ukoo wao ambayo mtu aliipata kwa kichwa chake mwenyewe. Fundi alikuwa ameshawatangazia wateja wake, hata wale waliokuja kudai mafriji yao.

“Kwa nini hukuchukua kozi nyingine?” aliuliza Mama Ratiba. “Kulikuwa na Usalama wa Mitandao.”

“Iligongana na kozi ya lazima. Zote mbili ni Jumanne saa nne.”

“Si ungeniambia?”

“Wapi?”

Mama Ratiba akautazama mlango.

“Nilikuja ofisini,” Kitinda aliendelea. “Nilipanga foleni kama ulivyosema. Nilikuwa wa tano. Ukatoka mlangoni ukatuambia ratiba haibadilishwi, aliyegongana achague nyingine, msinichoshe. Basi nikachagua nyingine.”

“Sikukuona.”

“Ulinitazama, wifi.”

Kwa kweli alimtazama. Mama Ratiba aliikumbuka foleni ile, na kwamba alipouona uso wa Kitinda alipandisha sauti makusudi, ili wale wengine wasikie kwamba hana wa kwake. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

Fundi hakuwa mtu wa kufoka. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. “Mke wangu, mimi kompyuta sizijui. Lakini huyu anaishi kwako. Wengine wote unawapangia waende wapi na saa ngapi. Yeye peke yake ndiye hukumwangalia.”

“Niliogopa maneno ya watu.”

“Na sasa?”

“Sasa nikimtetea watasema nilimtengenezea kozi.”

“Watasema,” alikubali Fundi. “Wasiposema hilo watasema jingine. Mficha uchi hazai. Nenda kaseme ulichofanya, kisha uone.”

Kitinda aliichukua tochi tena. “Kaka, tumalize hili friji,” alisema. “Mwenyewe anakuja kesho.” Lakini mwanga aliumulika ukutani, si kwenye friji.

Barua ya Mkuu haikuandikwa. Badala yake Mama Ratiba aliomba kikao, na kwa kuwa mratibu wa ratiba akiomba kikao kila mtu huogopa kunyang'anywa Jumanne yake, walifika wote.

Miongoni mwao alikuwamo Mzee Nukta. Huyo alifundisha hisabati ya kompyuta, na jina alilipata kwa kumkata mwanafunzi alama tano kwa nukta moja iliyokosekana. Ilisemwa kwamba mwanawe wa kumzaa alipita darasani kwake, akafelishwa, na nyumbani wakala chakula cha jioni pamoja bila yeyote kulitaja jambo hilo. Mzee huyu pia alikuwa mkosoaji mkuu wa ratiba. Hakuna muhula uliopita bila yeye kutamka, kwa sauti ya kusikika, kwamba ratiba hii imepangwa kwa kurusha kokoto.

Mama Ratiba alisimama. Aliwaeleza habari ya kozi hewa, ambayo waliijua, na habari ya wanafunzi waliojaa ndani yake, ambayo hawakuijua. Alisema kosa ni lake. Mkuu alikohoa na kuanza kueleza habari za mfumo, lakini Mzee Nukta akainua kalamu.

“Swali dogo. Mratibu ana wifi yake humu chuoni. Yumo kwenye hiyo kozi?”

Mtu mmoja aliacha kutafuna.

“Yumo,” alisema Mama Ratiba.

“Mwaka wa mwisho?”

“Wa mwisho.”

“Kwa hiyo tunaombwa kufufua kozi iliyokufa ili wifi wa mratibu ahitimu.” Aliliweka wazi hivyo, bila ubaya, kama mtu anayesoma kipimo. “Nasema tu jinsi litakavyosomeka.”

Upande wa nyuma mtu aliguna. Mwingine alisema kwa sauti ya chini, iliyopimwa isikike, “Si ndiyo hayo tulikuwa tunasema.” Masikio ya Mama Ratiba yaliwaka. Miaka yote ya kuamkia ofisini na kuwapita watu wa nyumba yake mwenyewe ilikuwa kwa ajili ya kulikwepa neno hilo, na leo limetamkwa mbele ya watu wote. Alisubiri aone litamfanya nini. Aliona bado amesimama.

“Litasomeka hivyo,” alisema. “Ndiyo maana naomba uifundishe wewe, Mzee.”

“Mimi?”

“Wewe uitunge, uifundishe na usahihishe. Mimi nisiguse. Hakuna mtu hapa atakayeamini kwamba wewe umempendelea mtu.”

Wakacheka, hata Mkuu. Mzee Nukta hakucheka, lakini hakukataa sifa hiyo.

“Vipindi vyangu vimejaa.”

“Kipindi chako cha Ijumaa jioni nitakichukua mimi. Hisabati ya mwaka wa kwanza naiweza.”

Ijumaa jioni haikuwa kitu cha kutoa kama peremende. Lilikuwa darasa la watoto mia mbili waliochoka, katika ukumbi wa mwisho kabisa, na aliyepewa alilibeba kama adhabu.

“Na niwafundishe nini?” aliuliza Mzee Nukta. “Mada Maalumu si mada. Ni gunia tupu.”

“Wafundishe ratiba.”

“Ratiba?”

“Kila muhula unasema ratiba yangu imepangwa kwa kokoto. Wafundishe ipangwe vipi. Kuna walimu, vyumba, saa, na masharti ya kila mtu. Kila mwanafunzi aandike programu ya kuipanga. Itakayokuwa bora idara iitumie, nami nitashukuru.”

Mzee Nukta alikuwa mtu mwenye kiburi, na kama wenye kiburi wengi wa kweli, changamoto ilimvuta kuliko pongezi.

“Nitakuaibisha,” alisema.

“Hilo umeshalifanya,” alijibu Mama Ratiba. “Imebaki kozi.”

Wakapiga kura. Mikono iliyoinuka haikuwa mingi, lakini ilitosha. Siku hiyohiyo Mama Ratiba alikwenda Ofisi ya Vyumba kuomba saa nyingine ya maabara kwa ajili ya miradi, safari hii kwa jina lake la kweli. Mama wa pale alifungua daftari lake, akatafuta, akasema Alhamisi mchana pako wazi. “Kwani siku zote mlikuwa mnapahitaji?” aliuliza. “Mngesema tu.” Mama Ratiba alimshukuru na kuondoka haraka, maana hakujua acheke au alie.

Muhula huo ulikuwa mgumu na ulikuwa mzuri. Wanafunzi wa Mada Maalumu walitumwa kuwahoji wahadhiri mmoja mmoja, kila mtu ataje masharti yake, na idara ikajijua upya. Iligundulika kwamba kuna mhadhiri asiyepanda ngazi baada ya kula. Kuna wawili wasiokubali vyumba vinavyopakana kwa sababu ya ugomvi ambao hakuna kati yao aliyekumbuka chanzo chake. Mkuu wa Idara aliomba asipangiwe kitu kabla ya saa tatu, akasema ni sababu za kiutawala. Vijana wakayaandika yote, wakarudi maabara kubishana na kompyuta.

Mzee Nukta hakukosa kipindi hata kimoja. Aliwasomesha mpaka wakamwogopa, kisha wakamzoea, kisha wakaanza kumtania kwa mbali. Wiki ya kwanza alimsimamisha Kitinda mbele ya wenzake akamwuliza, “Wewe ndiye wifi?” Kitinda akasema ndiye. “Basi jua hapa utafanya kazi kama yatima.” Darasa likacheka, na Kitinda akarudi kukaa. Jioni alimsimulia kaka yake, na kaka yake akasema hata yeye mwalimu wake wa ufundi alimpiga spana.

Nyumbani ratiba sasa ilivuka mlango. Kitinda alitandaza karatasi zake mezani, akachora vyumba na saa, akafuta, akachora. Mama Ratiba alikuwa ameahidi kutogusa na hakugusa. Alipita upande wa pili wa meza macho yamewekwa dirishani, na Fundi akafurahi sana kumwona mkewe, bingwa wa ratiba, akijizuia kama mgonjwa wa sukari mbele ya keki.

“Niulize mimi,” alimwambia Kitinda. “Mimi ni huru.”

“Kaka, walimu wawili wanataka chumba kimoja saa moja. Nampa nani?”

“Mwenye friji bovu zaidi.”

Wakacheka wote watatu. Siku za Ijumaa, hata hivyo, hawakuwa watatu. Mama Ratiba alitoka ukumbi wa mwisho sauti imekauka, nguo imejaa vumbi la chaki, akafika nyumbani akiwa mtu wa kulala tu. Alikuwa ametoa neno lake na hakulijutia. Lakini alichoka, na hakumwambia mtu.

Matokeo yalibandikwa asubuhi ya mvua. Watu waligombania ubao, miavuli ikachomana macho. Wale saba wa mwaka wa mwisho walifaulu wote. Kitinda alipata C.

C ilitosha. Kwa C hiyo angehitimu, na Mamlaka ya Maji hawakuuliza alama, waliuliza cheti. Kitinda alimpigia kaka yake simu pale pale kwenye mvua, na Fundi akaangusha bisibisi ndani ya friji la mtu. Koridoni walipomwona Mama Ratiba walimpongeza kwa mioyo safi, maana hata mwenye roho mbaya hawezi kusema mtu amependelewa akapewa C. Ilikuwa alama nzuri kuliko zote kwa amani ya jina lake.

Yeye ikamkera. Alikuwa ameiona kazi ya msichana yule, kwa ubavu wa jicho, muhula mzima. Alijua programu yake ilifanya kazi. Alirudi ofisini, akakaa, akasimama, akakaa tena. Kisha akapita koridoni mbele ya watu wote, akaenda kugonga mlango wa Mzee Nukta, na hakuufunga nyuma yake.

“Nimekuja kuuliza habari ya C,” alisema.

“Umekuja kama mratibu?”

“Nimekuja kama wifi yake.”

Nje hatua za mtu zilisimama. Mama Ratiba alizisikia, akaziacha zisimame. Mzee Nukta alimtazama juu ya miwani, na usoni mwake kulikuwa na kitu kinachofanana na heshima.

“Kaa,” alisema. Alivuta karatasi kutoka rundo lake. “Programu yake ni nzuri. Ni ya pili kwa ubora darasani. Ilikuwa iwe ya kwanza, lakini ina sharti ambalo hakuna aliyeliomba. Kwa sharti hilo moja vipindi vingine vyote vinabanana, vyumba viwili vinakaa bure. Nimemkata sana kwa hilo. Ukiongeza kitu ambacho hukuombwa, ukaharibu matokeo, unakatwa. Ningemkata hata mwanangu.”

“Sharti gani?”

Akaigeuza karatasi, akamwekea kidole. Mama Ratiba alisoma mstari huo mmoja, halafu akausoma tena. Ulisema kwamba mtu anayepanga ratiba asipangiwe kipindi chochote Ijumaa jioni.

“Nilimwita nikamwuliza nani kaomba,” alisema Mzee Nukta. “Akasema hakuna. Wahadhiri wote tulihojiwa, kila mtu akaomba lake, wewe ukasema huna la kuomba. Nikamwambia basi lifute, upate alama zako. Akasema, ‘Mzee, yeye hawezi kujiombea.’ Nikamkumbusha kwamba hii ni C. Akasema C inatosha.”

Aliivua miwani, akaiweka mezani. Bila miwani alionekana mzee kweli.

“Upendeleo niliutafuta kwako muhula mzima, Mratibu. Nimeukuta kwake.”

Mama Ratiba machozi yalimtoka na hakuyaficha, wala hakugeukia mlango kuona nani anatazama.

“Ijumaa yangu nimeichukua tena,” Mzee Nukta aliendelea, kwa ukali wake wa kawaida. “Muhula ujao nafundisha mwenyewe. Lakini alama hazibadiliki. Ukitaka kukata rufaa, fomu ziko kwa katibu.”

“Sikati,” alisema Mama Ratiba. “Hizo alama zilizokatwa ninazo mimi.”